Roboti ya kupanga katoni inasumbua: dalili, chanzo na dawa yake katika viwanda vidogo na vya kati

Kiwanda kidogo kikinunua roboti ya kwanza, mara nyingi huwa ni mkono wa kupanga katoni juu ya paleti mwishoni mwa laini: sabuni, mafuta ya kula, juisi, maji ya chupa. Kazi hiyo inaumiza migongo ya watu na inajirudia kutwa nzima. Maelezo haya yanahusu mkono wa aina hiyo, wenye uwezo wa kubeba kilo 10 hadi 20 na kishikio cha vikombe vya kunyonya. Sehemu moja huku chini inagusa uchomeleaji, kwa kuwa karakana nyingi za samani za chuma zinaanzia huko.

Roboti ikianza kukosea, fundi hukimbilia programu. Anasogeza nukta hii (mahali ambapo mkono umefundishwa kufika) milimita tano, anapunguza mwendo pale, na kesho yake kosa linatokea upande mwingine. Baada ya muda programu inakuwa viraka vitupu na hakuna anayejua ilivyokuwa mwanzo. Mkono wenyewe hurudi mahali pake kwa tofauti ya sehemu ndogo sana ya milimita. UR10e, kwa mfano, ambayo ni mkono wa kampuni ya Universal Robots, mtengenezaji anaitaja kuwa ya ±0.05 mm. Vitu vinavyobadilika kila siku ni katoni, hewa, umeme na paleti. Anza na hivyo.

Pini ya kumbukumbu: kipimo cha kufanya kabla ya vyote

Chukua bamba la chuma, chomelea juu yake pini yenye ncha, kisha lifunge sakafuni kwa bolti mahali ambapo foklifti haipiti. Tengeneza programu fupi inayoleta kona moja ya kishikio juu ya ncha hiyo na kuacha nafasi ya milimita 1, kwa mwendo wa polepole. Fanya hivyo siku ambayo kila kitu kiko sawa, na upige picha. Baada ya hapo irudie kila asubuhi kabla ya zamu, na kila linapotokea kosa.

Kona ikifika pale pale, basi mkono, stendi na kishikio ni vizima. Tatizo liko kwenye katoni, paleti au hewa, na hairuhusiwi kugusa nukta hata moja ya programu. Kona ikiwa imehama, kagua kwa mpangilio huu: bolti 4 zinazofunga kishikio kwenye mkono, fremu ya kishikio kama imepinda, bolti za stendi sakafuni, halafu ndipo uangalie mkono wenyewe. Stendi iliyolegea utaijua kwa kuishika kwa kiganja wakati mkono unafunga breki ghafla ukiwa umebeba mzigo. Ukisikia mtikisiko, zege lililoshika bolti limepasuka au ni jembamba mno.

Kwa roboti iliyonunuliwa ikiwa imetumika kuna jambo la ziada. Nyingi kati ya hizo zina betri zinazotunza kumbukumbu ya nafasi ya viungo umeme unapozimwa. Betri zikifa, roboti inasahau sifuri yake na kila nukta inahama. Badilisha betri hizo kontrola (kompyuta inayoendesha mkono) ikiwa imewashwa, mkono ukiwa umesimama na kitufe cha dharura kimebonyezwa. Ukizibadilisha umeme ukiwa umezimwa, utalazimika kurudisha kila kiungo kwenye alama zake za sifuri na kufundisha upya.

Katoni inaanguka njiani

Kwanza angalia inaangukia wapi. Ikishindwa kunyanyuka kabisa, hewa haitoshi au vikombe vimekaa juu ya kiungo cha katoni ambapo mabawa mawili hayakubana. Ikianguka wakati wa kugeuka, nguvu ya kunyonya ipo lakini ni ndogo kwa mwendo huo. Na kama inaanguka mara moja moja bila mpangilio, shuku katoni zenyewe: tepu iliyokunjamana, katoni iliyovimba kwa kujazwa kupita kiasi, au karatasi iliyolala kwenye unyevu.

Fanya hesabu, maana wauzaji wengi huiruka. Kikombe chenye kipenyo cha mm 40 kina eneo la sentimita za mraba 12.6. Kwa vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, ya kilopaskali (kPa) 60 kinashika nguvu ya nyutoni 75 hivi, na vikombe vinne vinashika 300. Katoni ya kilo 10 ikinyanyuliwa kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba inahitaji nyutoni 148. Zidisha mara mbili kwa usalama, unapata 296. Vinne vinatosha, tena kwa shida. Lakini katoni ya karatasi iliyorejelezwa inavuja hewa kwenye uso wake wote, na vakyumu ya kweli juu yake inaweza kuishia kPa 40. Hapo vikombe vile vile vinne vinatosha kilo 6.8 tu. Ndiyo maana roboti hupita majaribio kwa katoni mpya za sampuli, kisha ikaanza kuangusha siku mzigo wa katoni za bei nafuu unapoingia.

Mwinuko nao una mchango wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama kPa 83, ilhali Mombasa na Dar es Salaam ni 101. Ejekta, yaani kifaa kinachotumia hewa ya kompresa kuzalisha unyonyaji, inayofika asilimia 60 ya vakyumu itakupa kPa 61 pwani na 50 Nairobi. Umepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu bila kitu chochote kuharibika. Anayenakili mfumo kutoka tawi la pwani kwenda bara aongeze vikombe au apunguze mwendo tangu mwanzo.

Baada ya hesabu, pima. Funga geji ya vakyumu karibu kabisa na vikombe, na geji ya presha kwenye mlango wa ejekta, siyo kwenye tangi la kompresa. Washa unyonyaji ukiwa umeshika katoni ya kawaida na usome zote mbili kwa pamoja. Jambo linalojitokeza mara nyingi ni hili: kompresa inasoma bar 7, lakini ejekta inabaki na bar 4 pale inaponyonya, kwa sababu mpira wa hewa ni wa mm 6 na umepita mita 15 kuzunguka mashine nyingine. Weka wa mm 10 hadi kwenye stendi, na usogeze ejekta karibu na kishikio. Kisha kagua midomo ya vikombe kwa kidole: ikiwa migumu au ina mpasuko, badilisha seti nzima, usibadilishe kimoja kimoja.

Kwa katoni zinazovuja, ejekta moja inayohudumia vikombe vyote ni udhaifu. Kikombe kimoja kikikaa juu ya tundu, vyote vinapoteza. Gawa katika saketi mbili, au weka valvu ndogo za kujifunga kwenye kila kikombe. Povu nene lenye matundu mengi, kama lile la vishikio vya eneo kubwa, linavumilia zaidi, ila linakula hewa nyingi na kompresa ndogo itazidiwa.

Maji kwenye hewa

Hili linastahili nafasi yake, hasa pwani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta lita 500 kwa dakika huvuta mita za ujazo 30 kwa saa. Hewa ikibanwa hadi bar 7 na kupoa tena, zaidi ya nusu lita ya maji inajitenga kila saa. Kwa zamu ya saa 8 ni kama lita 5. Maji hayo yasipotolewa kwenye tangi yanasafiri hadi kwenye valvu na ejekta. Dalili zake: asubuhi mambo ni safi, mchana vakyumu inapanda polepole, sauti ya ejekta inabadilika, na ukifungua chujio la mwisho unakuta tope la kahawia la kutu na mafuta.

Fungua bomba la chini la tangi mwanzo na mwisho wa zamu, au weka valvu ya kutoa maji yenyewe. Baada ya tangi weka mashine ya kukausha hewa kwa ubaridi, kisha chujio la mikroni 5 kabla ya ejekta. Mabomba ya hewa yachepuke kutoka juu ya bomba kuu, yasichepuke kutoka chini, ili maji yasimwagikie kwenye tawi. Kama bajeti hairuhusu vyote kwa mpigo, anza na mashine ya kukausha.

Roboti inasimama na kusema imegonga, wakati haijagonga kitu

Mkono unaofanya kazi karibu na watu unalinganisha nguvu inayotumika kwenye viungo na ile inayotarajiwa kwa mzigo ulioandikwa. Ukiandika mzigo usio sahihi, mkono unaona nguvu isiyotarajiwa na kusimama. Kosa linalojirudia ni kuandika uzito wa katoni na kusahau kishikio. UR10e inabeba kilo 12.5 kwa jumla. Katoni ya chupa 24 za maji za nusu lita ni kilo 12, na kishikio kina kilo 3. Jumla ni 15, na hakuna programu itakayotibu hilo. Mkono huo haukufaa kwa bidhaa hiyo tangu siku ya kununua.

Uzito ukiwa ndani ya uwezo, pima kishikio kwenye mizani, kisha uandike pia kitovu chake cha uzito: umbali kutoka uso wa mkono kwa pande zote tatu. Programu lazima ibadilishe mzigo mara mbili katika kila mzunguko, yaani ikishashika katoni na ikishaiachia. Halafu angalia kebo na mipira ya hewa. Ikivutika kiungo cha mwisho kinapogeuka, inazalisha nguvu ambayo kontrola inaisoma kama kugongwa. Acha ulegevu wa kutosha kwenye kila kiungo, na usikaze vifungo vya plastiki kwa nguvu. Hapo ndipo waya hukatikia ndani huku ganda likiwa zima.

Ikisimama mahali pale pale kila mara, hasa kona za mbali za paleti, tatizo ni urefu wa mkono. Chukua paleti ya mm 1200 kwa 1000 na katoni za 400 kwa 300. Kitovu cha roboti kikiwa mm 350 kutoka ukingo mrefu wa paleti, katikati yake, kitovu cha katoni ya kona ya mbali kiko mm 1,265 kwa mlalo. Ongeza tofauti ya kimo ya mm 500 kati ya bega na kiungo cha mwisho, unapata 1,360. Mkono wenye ufikio wa 1,300 haufiki, na hata kabla ya kushindwa utakuwa umenyooka kabisa. Ukinyooka hivyo viungo vinalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili ncha isonge kidogo, na mfumo wa usalama unausimamisha. Sogeza paleti karibu, pandisha stendi, au weka safu ya kunyanyua roboti. Kupunguza mwendo hakuongezi urefu wa mkono.

Umeme umerudi, roboti inashusha katoni ndani ya rundo

Umeme ulikatika paleti ikiwa tabaka la tatu. Ukarudi, opereta akabonyeza kuanza, na programu ikaanza kuhesabu kutoka katoni ya kwanza, tabaka la kwanza. Mkono unashuka moja kwa moja kwenye rundo.

Chanzo ni hesabu inayotunzwa kwenye kumbukumbu ya muda. Irekebishe kwa hatua tatu. Hifadhi namba ya tabaka na ya katoni kwenye kigezo kisichofutika umeme unapozimwa. Kila programu inapoanza, skrini iulize opereta: tabaka la ngapi, katoni ya ngapi, naye athibitishe kwa macho. Kisha safari ya kwanza baada ya kuwasha ipande kwanza juu kuliko rundo refu kuliko yote ndipo isogee pembeni.

Upande wa umeme wenyewe, mkono mdogo hautumii mwingi. UR10e kwa kazi ya kawaida ni kama wati 350. Kwa hiyo UPS ya kVA 2 aina ya kubadilisha umeme muda wote inatosha kwa kontrola, PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine za laini) na valvu, na itapokea mshtuko wa kuhama kutoka gridi kwenda jenereta. Kompresa isiunganishwe humo. Pima pia volti kati ya nyutro na athi mashine zote zikiwa kazini: ikizidi volti 2 au 3, tafuta kiungo kibovu cha nyutro au athi, kwa sababu hitilafu za mawasiliano zisizoeleweka mara nyingi zinatokea hapo.

Katoni iliyokuwa hewani umeme ulipokatika itaanguka. Valvu ya kuzuia hewa kurudi inasaidia kwenye plastiki, ila karatasi inavuja ndani ya sekunde chache. Mtu asipite chini ya mkono, basi.

Inakuja kuchukua katoni ambayo haipo, au inahesabu moja mara mbili

Sensa ya mwanga yenye kioo cha kurudisha miale inadanganywa na nailoni inayong'aa; tumia yenye kichujio cha polaraizi. Vumbi la unga au sabuni kwenye kioo lifutwe kila zamu. Katoni yenye upenyo kati ya mabawa inakata mwanga mara mbili, hivyo ongeza ucheleweshaji wa milisekunde 50 hadi 100 kwenye mawimbi hayo. Ukibadilisha sensa na mpya isiitikie kabisa, angalia kama ni PNP au NPN (aina mbili za sensa zinazotoa mawimbi kwa njia tofauti za umeme) kabla ya kuilaumu. Ingizo la kontrola linakubali aina iliyopangiwa tu.

Laini inajaa, roboti haiwahi

Laini ikitoa katoni 8 kwa dakika, roboti ina sekunde 7.5 kwa kila moja. Chukua video ya mizunguko kumi na uhesabu kila kipande. Muda mwingi hupotelea kwenye subira zilizoandikwa kwa sekunde maalumu, kwa mfano kusubiri sekunde 1 ili vakyumu ijae. Weka swichi ya vakyumu na uamuru mkono uondoke thamani inapofikiwa. Punguza kimo cha kupanda kwa matabaka ya chini. Ukishafanya hayo na bado haitoshi, shika katoni mbili kwa pamoja kama uzito unaruhusu. Kuongeza kasi kuwe mwisho, kwa sababu kunakurudisha kwenye katoni zinazoanguka.

Kwa karakana za kuchomelea: mshono unakosa kiungo

Roboti ya kuchomelea inakwenda pale ilipofundishwa, chuma kiwepo kisiwepo. Kwa waya wa mm 1.0, kiungo kikihama zaidi ya nusu ya unene wa waya, yaani mm 0.5, mshono unaanza kukosa upande mmoja. Bomba la mraba la 25 kwa 25 lenye ukuta wa mm 1.2, likikatwa kwa diski kwa kufuata alama ya chaki, linatofautiana milimita mbili kirahisi. Mchomeleaji mzuri anaijaza nafasi hiyo bila kufikiri, na roboti inatoboa tundu. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye msumeno wenye kizuizi cha urefu na jigi (fremu ya kushikilia vipande mahali pake) yenye vibano, ndipo ifuate roboti. Pima vipande 20 mfululizo kwa kalipa. Tofauti ikizidi mm 0.5, bado hujawa tayari kwa roboti. Na mshono ukihama ghafla kwenye kazi iliyokuwa nzuri, kagua ncha ya shaba inayotoa waya: tundu likilika, waya unayumba.

Wafanyakazi wanazima kinga

Ukikuta sumaku imefungwa kwenye swichi ya mlango au skana ya usalama (inayotambua mtu akikaribia) imefunikwa kwa karatasi, mpangilio wa eneo ndio wa kulaumiwa kwanza. Kawaida ni kwamba kubadilisha paleti kunasimamisha kazi yote, na watu wanadaiwa idadi. Weka vituo viwili vya paleti, kushoto na kulia, kila kimoja na eneo lake la usalama, ili mtu aondoe paleti iliyojaa upande mmoja huku mkono unapanga upande wa pili. Ondoa sumaku siku hiyo hiyo, usisubiri mpangilio mpya. Mkono kuitwa wa ushirikiano hakuufanyi kuwa salama. Katoni ya kilo 10 inayosafiri kwenye kimo cha kichwa inaumiza. Wakati wa kufundisha, mwendo usizidi mm 250 kwa sekunde, kama viwango vya ISO 10218 vinavyotaka.

Kabla ya kumpigia msambazaji

Hakikisha watu wawili katika kila zamu wanaweza kuanzisha roboti, kufanya kipimo cha pini na kubadilisha vikombe. Nakala ya programu iwe kwenye flashi mbili zenye tarehe, moja ikae nje ya kiwanda, na nywila ya kontrola iwe kwa mwenye kiwanda, isiwe kwa fundi peke yake. Kabatini weka seti mbili za vikombe, ejekta 1, swichi ya vakyumu 1, sensa 2 za aina iliyopo, mita 10 za mpira wa hewa na viungio vyake, kebo 1 ya kishikio na fyuzi za kontrola. Vipuri hivyo ni bei ndogo kuliko siku chache za kusubiri mzigo bandarini.

Ukipiga simu, tuma kwa pamoja: namba ya kosa kama inavyosomeka kwenye skrini, faili la kumbukumbu ya matukio, matokeo ya pini, usomaji wa geji mbili katoni ikiwa imeshikwa, uzito halisi wa kishikio na katoni, na video ya sekunde 30 inayoonyesha mkono mzima.